Wiketi ya Bila

Jina lake la kuzaliwa limo kwenye kitambulisho, na kitambulisho kimo kabatini chini ya mashuka. Kwingine kote, kuanzia kituo cha basi mpaka msibani, mtu huyu anaitwa Bila. Ukimuuliza yeyote wa rika lake sababu, atacheka kwanza ndipo akujibu. Alichezea timu ya taifa ya kriketi mechi tatu, akarusha mpira mpaka bega likawaka moto, na hakumtoa mpigaji hata mmoja. Mechi tatu, wiketi bila. Mtangazaji mmoja wa redio ndiye aliyeanza kumwita hivyo, utani tu, na nchi nzima ikadaka. Mtangazaji ana tabia hiyo: anatupa neno hewani, anakwenda zake kunywa chai, na mwenzake analibeba neno hilo mpaka anaota mvi.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, habari si ngumu. Mrushaji anakuja mbio na mpira, mpigaji anamsubiri na gongo lake mbele ya vijiti vitatu. Mpira ukiangusha vijiti, mpigaji ametoka. Ukigusa gongo, hata kwa kulinusa tu, kisha ukadakwa kabla ya kufika chini, ametoka pia. Kila anayetoka hivyo anahesabiwa kuwa wiketi ya mrushaji, na mrushaji asiye na wiketi ni mwindaji anayerudi nyumbani na hadithi. Halafu kuna sheria moja ya ajabu ambayo wageni wa mchezo huwa hawaiamini: mwamuzi hamtoi mtu asipoulizwa. Mpira unaweza kudakwa mchana kweupe, uwanja mzima umeona, lakini kama hakuna mchezaji aliyepaza sauti na kusema, "Vipi huyo?", mwamuzi anatazama mawingu na mchezo unaendelea.

Sasa Bila ni fundi wa viti. Karakana yake ni chumba kirefu chenye mlango wa bati, kimejaa sponji, marobota ya ngozi ya bandia, na viti vya magari vilivyong'olewa vikisubiri kuvishwa upya. Kazi yake ni safi. Mshono wake haupindi na kona zake hazivimbi, na ndiyo maana wateja wanamrudia. Lakini hakuna anayeingia pale akakosa la kusema. "Fundi, kiti changu tayari au bado ni bila?" Naye anacheka, sindano iko katikati ya meno. Afanyeje? Mtu akitaniwa miaka na miaka hujifunza kuanza kucheka yeye, ili angalau kicheko kitoke kwake.

Lakini kilimuuma. Tuseme wazi, maana wengi walidhani amezoea. Bila hakuwahi kutaka kombe wala sanamu yake njia panda. Alitaka wiketi moja. Moja tu, hata ya mpigaji dhaifu wa mwisho, hata ya bahati, ili apate kusema maishani mwake: fulani nilimtoa mimi.

Aliyeitaka wiketi hiyo kumzidi alikuwa baba yake. Mzee alikuwa kinyozi, na siku mwanawe alipoitwa timu ya taifa alibandika picha yake juu ya kioo, pale ambapo kila mteja angeiona apende asipende. Siku za mechi aliweka redio dirishani na kunyoa kwa sikio moja. Wapo watu waliotoka pale na upande mmoja mfupi kuliko mwingine, wakasamehe. Mechi zilipokwisha, wateja walianza kumchokoza: "Mzee, na hii picha utaiondoa lini?" Hakuiondoa. Aliendelea kunyoa chini ya picha ile mpaka macho yalipomkatalia kazi, na alifariki miaka michache iliyopita picha ikiwa bado ukutani.

Sasa tuje kwa Glavu. Glavu ndiye aliyekuwa mlinda wiketi, yule anayechuchumaa nyuma ya vijiti na kudaka kila mpira unaompita mpigaji. Yeye na Bila walikua mtaa mmoja, walichapwa na mwalimu mmoja, na waliitwa timu ya taifa siku moja. Bila alipoachwa na timu, Glavu ndiye aliyekuja nyumbani kwake kila siku kumtoa kitandani. Ndiye aliyempeleka kwa mjomba wake fundi wa viti akajifunze kazi. Ndiye aliyemuoa dada yake Bila, wakawa mashemeji, na kila Jumapili ukoo mzima ulikula nyumbani kwa Glavu. Baadaye Glavu alipopanda na kuwa mwenyekiti wa chama cha kriketi, hakumsahau shemeji yake. Viti vya ofisi vikichanika, gari la chama lilijua njia ya karakana bila kuelekezwa. "Shemeji kama huyu hazaliwi mara mbili," Bila alikuwa akimwambia mkewe. Mkewe alikuwa akiguna tu. Wanawake wana miguno yao.

Na nafasi ya Bila kwenye timu ilichukuliwa na nani? Na mdogo wake Glavu. Kijana aliichezea timu miaka mingi, akajaza wiketi kapu zima, sasa anaishi ng'ambo na kutuma picha za theluji. Bila hakumwonea kijicho hata siku moja. Alishangilia kila wiketi ya yule kijana, tena kwa sauti.

Ile mechi ya tatu, ya mwisho, ilikuwa dhidi ya nchi jirani. Wageni walikuwa na mpigaji mmoja waliyemwita Kisiki, maana akishasimama hang'oki. Sasa, mechi iliyotangulia timu ya kina Bila ilikuwa imepiga makelele mno. Kila mpira walikuwa wanamuuliza mwamuzi, mpaka mwamuzi akawaonya na magazeti yakawaita soko la samaki. Nahodha aliona aibu. Akatoa amri chumbani, wote wamekaa: "Kuanzia leo, anayeuliza ni Glavu. Yeye ndiye aliye karibu, yeye ndiye anayesikia. Akiuliza, tunauliza wote. Akinyamaza, kila mtu ameze ulimi wake. Nikimsikia mwingine, atakaa benchi." Hakuna timu nyingine duniani iliyocheza hivyo. Hawa walikubali, wakapiga na makofi.

Bila aliingia akijua kwamba walimu wa timu wamemchoka. Alirusha asubuhi ile kwa roho yote. Mpira mmoja aliuachia vizuri kuliko mpira wowote aliopata kuurusha. Aliusikia kwenye vidole kabla haujaondoka. Ulitua, ukakata kona, ukapita jirani kabisa na gongo la Kisiki, ukaishia mikononi mwa Glavu. Bila mwenyewe mguu ulimteleza akaanguka goti, na ngoma za mashabiki zilikuwa zimepamba moto, hakusikia kitu. Lakini aliona ulivyodakwa. Mkono wake ulianza kupanda wenyewe. Kisha akamwona Glavu anamrushia mwenzake mpira taratibu, kama mtu anayepitisha chumvi mezani.

"Umesikia kitu?" akamuuliza walipopishana.

"Hewa tu, ndugu yangu. Karibu sana, lakini hewa. Endelea hivyo hivyo."

Bila akashusha mkono. Angemwamini nani kama si yule? Kisiki alibaki pale mpaka jua likaanza kulegea, akawachosha wote, na wiki hiyo hiyo Bila akaambiwa apumzike. Alipumzika moja kwa moja.

Basi mwaka huu chama kikaandaa mechi ya wakongwe. Wazee wa pande zote mbili wakaitwa wacheze kidogo, wachechemee kidogo, kisha wale chakula cha mchana ukumbini. Wiki nzima kabla ya hapo Bila alishinda karakanani akivisha upya viti vya meza kuu, kazi aliyopewa na shemeji yake. Siku yenyewe alivaa suti yake, akakaa meza ya nyuma pamoja na wachezaji wa zamani, na alichokuwa akikitazama ni mishono ya viti vyake chini ya wakubwa. Ilikaa vizuri. Aliridhika.

Kisiki alisimama kutoa neno la wageni. Alikuwa amenenepa, ana tumbo la mtu aliyekula pensheni mapema, lakini ulimi wake ulikuwa bado na mbio. Alianza kuvunja watu mbavu. Alisimulia habari za basi lililowaharibikia na za mpishi aliyewafungia nje, ukumbi ukachemka. Kisha akamgeukia Glavu, aliyekuwa upande wake wa kulia.

"Na huyu mwenyekiti wenu, jamani, mimi nina deni naye la shukrani. Wangapi wanakumbuka siku ile niliyowasumbua? Mnajua nilikuwa nimetoka asubuhi? Ndiyo! Yule kijana wenu wa kurusha, yule mrefu, aliniachia mpira mmoja sijapata kuuona tena. Ulilamba gongo langu, mlio wake nikausikia mpaka kwenye jino. Nikalitia gongo langu kwapani niende zangu. Nageuka, mwenyekiti wenu ameudaka vizuri kabisa, na amekaa kimya kama maji mtungini! Hakuna aliyeuliza. Mwamuzi mwenyewe aliniambia wakati wa chai, kidole kilikuwa kinamwasha. Nikasema, wenyeji wa hapa wana ukarimu!"

Ukumbi ulilipuka. Watu walipiga meza. Aliyekaa jirani na Bila alimpiga kofi la mgongoni akisema, "Bila, kumbe ulikuwa na moja!" na machozi ya kicheko yakimtoka. Bila alikuwa bado ameshika uma. Alimtazama Glavu. Alitaka amwone anacheka, anatikisa kichwa, anasema Kisiki wewe muongo. Glavu alikuwa ameinamia sahani yake, anakata nyama ambayo ilikuwa imeshakatwa.

Hakuna namna nzuri ya kuisema. Mtu unaweza kuibiwa na jambazi ukalala, ukaamka, ukasahau. Huyu aliibiwa na aliyekuwa akimpangusa machozi.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Mkewe alijipanga kwenda kwa Glavu, kama kawaida. Bila akamwambia abaki.

"Usiende na hasira," mkewe alisema.

"Siendi na hasira. Naenda kuuliza."

Dada yake alikuwa anapanga sahani mezani. Alimbusu shavuni, akauliza wifi yake yuko wapi, akajibiwa yuko nyumbani, akarudi jikoni haraka kuliko ilivyohitajika. Glavu alikuwa sebuleni kwenye kochi ambalo Bila mwenyewe alilivisha zawadi ya harusi na kulivisha tena lilipochakaa. Alisimama.

"Shemeji, karibu. Karibu ukae."

"Sikai. Uliusikia?"

"Shemeji, Kisiki unamjua. Mtu wa kutia chumvi yule."

"Sijakuuliza habari za chumvi. Mpira wangu uligusa gongo. Uliusikia, hukuusikia?"

Glavu alitazama mikono yake. Vidole vya walinda wiketi huvunjika sana, na vyake vilikuwa vimepinda kila kimoja njia yake. "Niliusikia," akasema.

Bila alishangaa kwamba bado amesimama. Alikuwa amejiandaa kwa uongo. Ukweli ulimkuta mikono mitupu. "Kwa nini?"

"Mdogo wangu alikuwa benchi mwaka mzima. Mama ananipigia simu kila jioni: wewe uko ndani, mwenzako yuko nje, unafurahi? Na walimu walishasema, usipopata kitu mechi ile, wanakubadilisha, anaingia yeye. Sikupanga, shemeji, naapa. Mpira ulifika mkononi, nikafungua mdomo, sauti ikakwama. Nikasema moyoni, ah, mpira mmoja tu, mchana bado mrefu. Atapata mwingine."

"Sikupata."

"Hukupata."

"Ukaniambia hewa."

"Nilikuwa nimeshanyamaza. Ningesema nini tena?"

Bila zilimjia zile siku za kutolewa kitandani, safari ya kwa mjomba fundi wa viti, gari la chama likipiga honi mlangoni kwake. Miaka yote alidhani ni upendo, kumbe alikuwa anapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, tena akishukuru. Kwenye harusi ya hawa wawili yeye ndiye aliyesimama na kusema mbele ya wakwe, "Huyu ni ndugu aliyenishika mkono nilipoanguka." Watu walipiga vigelegele. Bwana harusi alilia. Bila alidhani analia kwa furaha.

Dada yake alikuwa ameingia na jagi la maji, amesimama nalo.

"Kaka, yameshapita hayo."

Bila akageuka polepole. "Yapi?"

Dada alilitazama jagi lake.

"Nakuuliza wewe. Yapi yameshapita? Mimi sijakwambia kitu tangu niingie."

"Aliniambia," dada alisema, na sauti ikaanza kumtoka kwa vipande. "Kabla ya harusi. Alitaka kukwambia na wewe, nikamkataza. Nilimwambia ukimwambia kaka, harusi hakuna. Si ungevunja posa?"

"Ningeivunja."

"Ndiyo hivyo. Nilikuwa nampenda, kaka. Ningefanyaje?"

"Ukakaa na mimi meza moja. Kila Jumapili. Wananiita Bila mbele yako, watoto wako wananiita Mjomba Bila, na wewe unanipakulia."

"Unadhani yeye hajaumia?" Dada sasa alikuwa analia waziwazi, maji yanamwagika kwenye zulia. "Ameumia! Humwoni tu. Hata Baba alipomuuliza kule hospitali, alitoka nje akatapika, ni mimi niliyemshika—"

Aliweka mkono mdomoni, lakini neno lilikuwa limeshatoka na halirudi.

"Baba alimuuliza nini?" Bila akasema.

Jikoni kulikuwa na kitu kinachemka, mfuniko unagonga.

"Glavu. Baba alikuuliza nini?"

Glavu alikaa kwenye kochi. Alionekana mzee ghafla. "Ulikuwa umeshuka kuchukua dawa. Alinishika mkono. Akasema, wewe ulikuwa nyuma ya vijiti, kila mpira wake uliuona. Niambie kweli, mimi si mtu wa kukaa tena. Akasema, mwanangu alikuwa mrushaji, au watu walikuwa wanasema kweli?"

"Ukamwambia nini?"

"Shemeji..."

"Ukamwambia nini baba yangu?"

"Nilimwambia alijitahidi, mzee."

Alijitahidi. Neno wanaloandikiwa watoto wa mkia wa darasa ili mama zao wasilie. Mzee alikuwa ameshika mkono uleule ulioudaka mpira, ameuliza kwa pumzi zake za mwisho mwisho, na jibu lilikuwa palepale mbele yake, limekaa kwenye kiti cha hospitali.

"Akasema nini?"

"Akasema, haya. Akageukia ukutani."

Bila alitafuta pa kushika, akashika ukingo wa meza, sahani zikalia. Glavu aliinuka akamjia mikono imenyooshwa. Maneno yalimtoka mbiombio. "Nitasema, shemeji. Mimi ni mwenyekiti. Kesho naita waandishi, nasimama mbele yao, naeleza mwanzo mpaka mwisho. Nchi nzima itajua una wiketi. Hakuna atakayekuita tena lile jina. Waniondoe kwenye uenyekiti, waniondoe tu, nimechoka. Nitamwambia kila mtu."

"Kila mtu?" Bila alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, haikuwa na ukali wowote. "Kila mtu nimeshamzoea. Aliyekuwa anataka kujua alikuuliza mwenyewe, ukamnyima."

Glavu alishusha mikono.

"Wewe ni dada yangu," Bila akamwambia dada yake. "Nyumbani kwangu unapajua. Ukija, utakuta mlango wazi. Uje peke yako."

Dada alimfuata mpaka getini akimwita kwa jina lake la kuzaliwa, ambalo hakuwa amelitumia tangu walipokuwa wadogo. Bila hakugeuka. Alipita mtaa ule mrefu kwa miguu, akawapita watu waliomsalimia kwa jina lile jingine, akawaitikia wote.

Nyumbani mkewe alikuwa amekaa sebuleni anamsubiri. Alimtazama usoni, akampisha nafasi kwenye kochi. Hakuuliza.

"Ilikuwa kweli," Bila alisema. "Nilimtoa." Akakaa. "Mzee amekufa anadhani watu walikuwa wanasema kweli."

Ndipo akalia, mtu mzima, mabega yanaruka, kilio cha mtu aliyefiwa leo. Siku ya mazishi hakuwa amelia hata tone, maana Glavu alisimama pembeni yake kaburini mwanzo mpaka mwisho, amemshika bega, anamwambia jikaze.